Theluji ya Kufundishia

Muhula mzima niliamini kwamba mwalimu wa fasihi ya Kiingereza haruhusiwi kufundisha shairi lenye theluji kama hajawahi kuigusa theluji kwa mkono wake mwenyewe. Niliamini jinsi mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Niliambiwa kwamba mkaguzi akija kukutazama ukifundisha, atakaa kimya nyuma ya darasa hadi umalize, kisha atakuita kando akuulize: uliigusa lini, na wapi? Ukibabaika, umeanguka. Wala usidhani ungemdanganya. Ilisemekana theluji humwachia mtu weupe fulani kwenye ncha za vidole, weupe usiotoka hata kwa sabuni ya kipande na jiwe, na wakaguzi wote wamefundishwa kuutambua.

Aliyenipa habari hizo alikuwa mwenzangu wa darasani, mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua. Tulikuwa tukisomea uzamili wa fasihi ya Kiingereza jioni, mjini Meru, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati na misumari, na pamoja nao ile stashahada ya ualimu ambayo bila hiyo hakuna shule itakayokupa chaki. Mchana kila mtu alikuwa na lake. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa huko Githongo, na yeye alikuwa ameshapakia mafurushi yake kwenye pikapu na kuyaona yakipotea barabara ya Nairobi kabla jogoo hajasafisha koo. Alikuja darasani na macho ya mtu aliyesahau usingizi unafananaje. Alisoma riwaya kwa mwendo ule ule wa pikapu zake. Sisi tukiwa bado tunamwombea mhusika apone, yeye alikuwa ameshamzika na kula chakula cha matanga.

"Mwarimu," aliniambia jioni moja, maana alikuwa akituita sote walimu kabla hatujawa, "wewe shairi la theluji utalifundisha na vidole gani?"

"Vidole hivi."

Alivishika, akavigeuza juu chini kama anayekagua miraa. "Hivi ni vya kahawa. Wataviangusha hivi. Binamu yangu aliangushwa hivyo hivyo."

"Binamu yako si anauza simu?"

"Na unafikiri kwa nini anauza simu?"

Hoja kama hiyo utaijibu na nini?

Usinicheke haraka. Fikiria tulikuwa tumeshafanyishwa mambo gani. Nilikuwa nimesoma riwaya nene kama tofali ambamo watu hawakufanya lolote isipokuwa kutembeleana na kunywa chai, na mwishowe wawili wakaoana, jambo ambalo kwetu hata mbuzi wa jirani wangekuwa wameshalijua mwanzoni. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu pazia moja, kwa nini lilikuwa la kijani. Mtu aliyeandika kuhusu pazia na akapata alama nzuri hashangai akiambiwa aguse theluji. Tena mlima si huu hapa? Siku mawingu yakikubali, tulikuwa tukiuona kutoka dirishani mwa darasa, Kirimara, kama tunavyouita kwetu, na weupe wake kichwani. "Kwani unafikiri walileta masomo haya hapa bure?" mwenzangu aliuliza. "Mbona hawakuyapeleka Garissa jangwani?" Kwa kweli lilikuwa swali zito.

Basi wakati wa mazoezi ya kufundisha ukafika, yale tuliyoyaita tipii, nami nikapelekwa shule moja ya kutwa katika tambarare za Mbeere, upande wa chini wa Embu. Msimu wa kahawa ulikuwa umepita, mizani imelala, na mwenyekiti wa kiwanda akaniachilia bila maneno mengi. "Nenda," alisema. "Ukikubaliwa huko, tutatafuta karani mwingine. Ukikataliwa, mizani haina kinyongo."

Lilikuwa neno la upole, lakini lilinichoma. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Shahada yangu ya kwanza niliipata jioni, na hii pia nilikuwa nikiitafuta jioni, baada ya mchana kutwa wa kusoma uzito wa kahawa za watu. Niliipenda mizani na wakulima wangu, ila sikutaka kuzeeka nikiwa nyuma yake. Na shule ile ya Mbeere ilikuwa na pengo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyetembea polepole kana kwamba anaogopa kuamsha vumbi, aliniambia siku ya kwanza, tena waziwazi: "Mwalimu, sina mtu wa fasihi kidato cha tatu na cha nne. Mkaguzi wako akikupitisha, utabaki na sisi. Asipokupitisha, bodi haitanisikiliza."

Basi nilikuwa na chaki upande mmoja na mizani upande wa pili, na katikati alikuwa mkaguzi nisiyemjua.

Huko Mbeere kuna joto, ndugu msomaji. Mimi ni mtu wa Imenti, kwetu asubuhi unavaa sweta ndipo umsalimie mkeo. Kule kuku walikuwa wakitaga mayai yaliyokwisha chemka. Mbuzi waligombania kivuli cha nguzo ya bendera. Nilikodi chumba karibu na shule, nikala ndengu na chapati hadi nikaanza kuelewana na ndengu, na wanafunzi nikawapenda mara moja. Walikuwa watulivu, wa kuuliza maswali ya pole pole yenye meno. Mambo yakaenda vizuri wiki za mwanzo.

Kisha mwalimu wa Kiingereza aliyenipokea, kijana mrefu mwenye heshima, akanionyesha mashairi ya muhula. Wiki ya mkaguzi tulipaswa kusoma shairi la mtu mmoja wa Ulaya, aliyekufa zamani, ambamo baba amesimama dirishani akitazama theluji ikianguka juu ya njia ambayo mwanawe aliondokea. Theluji inafunika nyayo, moja baada ya nyingine, hadi haijulikani tena kama kuna mtu aliwahi kupita. Shairi fupi. Nililisoma nimesimama, nikatafuta kiti.

"Mwalimu," nilimwambia yule kijana, "hatuwezi kulibadilisha? Kuna lile la mvua."

"La mvua tulilimaliza Januari."

"Basi lile la jua."

"Mzee wangu, ratiba si chapati, ati tuigeuze ikiungua upande mmoja." Akacheka. "Kwani shairi hili lina ubaya gani?"

Sikuweza kumwambia. Nilidhani anajua, na kwamba anafanya adabu tu kwa kutovitazama vidole vyangu.

Nikampigia simu mwenzangu wa Maua. Naye alikuwa kwenye tipii yake, Mitunguu, kwenye ndizi, na yeye pia alikuwa na shairi lile lile mbele yake. "Jumamosi tunapanda," alisema, kana kwamba ni kupanda ngazi za benki. Mama watoto nilipomweleza nyumbani Ijumaa hiyo, aliacha kumenya nduma.

"Umeambiwa na nani?"

"Watu wote wanajua."

"Watu wote ni yule wa Maua?"

"Na binamu yake."

Akaendelea kumenya. "Nenda, baba. Lakini ukivunjika mguu, usinisomee shairi hospitalini." Hata hivyo alinifungia nduma zilizochemshwa, chupa ya chai, na sweta tatu, moja ikiwa ya binti yetu, ya waridi.

Tulipandia upande wa Chogoria, pamoja na mwongozaji tuliyempata huko, mtu mnene mwenye kikohozi kidogo, aliyetuuliza tu kama tulikuwa na viatu. Gari lilitufikisha hadi mahali ambapo barabara ilichoka. Msitu wa mianzi, kisha ukungu, kisha nyasi ndefu zilizosimama kwa mafungu kama vichwa vya watu wasiochana nywele. Mwenzangu alizungumza njia yote. Alizungumza hadi ndege wakahama. Alinieleza jinsi atakavyomnyooshea mkaguzi vidole vyake bila hata kuulizwa, jinsi mkaguzi atakavyolia. Kufikia alasiri hewa ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa, kichwa changu kikaanza kupiga ngoma ya harusi isiyo yangu, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza. Akakaa juu ya jiwe.

"Mwarimu," alisema, "mimi nimefika."

"Bado hatujaiona."

"Naiona." Kweli ilionekana, mbali juu kabisa, kitambaa cheupe kati ya miamba. "Kuona na kugusa si mbalimbali sana."

Nikamgeukia mwongozaji. "Kutoka hapa hadi pale ni mbali?"

"Pale?" Akakohoa. "Pale wanapanda na kamba, mzee. Nyinyi mna kamba?"

Tulikuwa na nduma.

Tukalala kwenye kibanda cha wapanda mlima. Baridi iliyokuwepo ilikuwa ya kugandisha mtu mawazo. Nilivaa sweta zote tatu, ile ya waridi kichwani, na bado meno yangu yalisoma mashairi yenyewe. Kulipopambazuka nilitoka nje, na hapo nikaona nyasi zote zimekuwa nyeupe. Kila jani lilikuwa limevaa unga mgumu unaometameta, na ukikanyaga zinalia kama mtu anayetafuna bisi. Sijawahi kuona asubuhi safi hivyo. Nilisahau kichwa, nikasahau tipii. Kisha nikakumbuka, nikapiga magoti na kuvisukuma vidole vyangu vyote kumi ndani ya nyasi hizo.

Mwongozaji akaja na kikombe cha chai, akasimama kunitazama.

"Umepoteza kitu?"

"Hii ni theluji?"

"Ni umande tu, umeganda. Jua likitoka unaisha."

Mwenzangu alikuwa amechungulia mlangoni, amejifunga blanketi kama bibi harusi. "Ni theluji changa," alisema. "Gusa, gusa. Usimsikilize."

Nikagusa. Nikavishikilia vidole mle hadi vikakoma kuwa vyangu. Vilipotoka vilikuwa vyekundu kama kahawa iliyoiva, wala weupe sikuuona, lakini mwenzangu alinihakikishia kwamba weupe hutokea baadaye, kama matokeo ya mtihani. Yeye hakugusa. Alisema ameona ya kutosha, na kwamba shairi lake atalifundisha kwa imani.

Jumatano iliyofuata mkaguzi alifika. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, mkoba mkubwa, uso usiosema lolote. Alimsalimia mwalimu mkuu, akanywa maji bilauri nzima bila kupumua, kama afanyavyo kila mtu akifika Mbeere, kisha akaja kukaa kwenye dawati la nyuma, kati ya wasichana wawili waliompisha nafasi kwa heshima.

Nikaanza. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini nalisimulia hapa kwa lugha tunayoelewana. Niliandika neno theluji ubaoni kwa herufi kubwa. Nikawauliza nani ameiona. Hakuna. Nikasema mimi nimeigusa. Nikanyoosha vidole juu, nikavipitisha pole pole mbele ya darasa, nikivichelewesha kidogo upande wa nyuma. Nikawaeleza rangi yake, mlio wake, jinsi inavyouma. Nikawaambia inaanguka bila sauti, jambo ambalo sikulijua, maana umande wangu nilikuwa nimeukuta chini. Niliongea kuhusu baridi katika chumba chenye joto la tanuri, bati likipasuka juu yetu, na wanafunzi wakinitazama kwa adabu ya watu wanaohudhuria ibada ya dhehebu lisilo lao.

Na theluji ikaniishia. Kweli, iliisha kama sukari. Nilifungua mdomo nikakuta sina hata chembe, na kipindi kilikuwa bado hakijafika nusu. Mkaguzi alikuwa ameinamisha kichwa akiandika. Nikaona mizani ya Githongo mbele yangu, ikiwa imefutwa vizuri, ikinisubiri bila kinyongo.

Hapo msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, huyu baba, kwa nini hatoki nje?"

"Kuna theluji," nilijibu.

"Ndiyo. Lakini nyayo zinafutika. Kama anampenda, si angetoka azifuate zikiwa bado zinaonekana?"

Nikatazama kitabu. Nilikuwa nimelisoma shairi lile labda mara mia, na mara zote mia nilikuwa nikitazama theluji. Yule baba sikuwa nimemwuliza lolote.

"Sijui," nilisema. "Wewe wasemaje?"

"Labda walikosana."

"Wapi kwenye shairi?" Hilo lilinitoka lenyewe, ndilo swali tulilokuwa tukiulizwa kila jioni juu ya lile duka la mabati.

Wakainama. Kurasa zikafunguliwa kwa haraka. Mvulana mmoja akasema mlango hautajwi popote, dirisha tu, na mtu anayetaka kutoka angetaja mlango. Mwingine akamkatalia, "Wee, shairi lina mistari kumi na miwili, unataka ataje na choo?" Darasa likapasuka kwa kicheko, nami nikacheka, kisha nikamwambia ajibu sawasawa. Akajibu. Akasema mzee anahesabu nyayo zinavyopotea, na anayehesabu anataka ziishe, ili asiwe na sababu ya kufuata. Yule msichana wa mbele akasema hapana, hataki ziishe, anaogopa kutoka kwa sababu akitoka atazikanyaga kwa nyayo zake. Hapo hata wale wa mwisho waliokuwa wakisinzia waliamka. Wakagawanyika. Kuna waliomtetea baba na kuna waliomlaumu, na kila mmoja nilimrudisha kwenye mstari, wapi, onyesha, soma kwa sauti. Nilizunguka kati ya madawati. Jasho lilinitoka, na mkaguzi nilimsahau kabisa. Kengele ilipolia walipiga kelele za kukataa, kitu ambacho sijakisikia tena tangu siku hiyo isipokuwa mara mbili tatu, na mara moja ilikuwa kwa sababu ya mpira.

Tulikutana katika ofisi ya walimu baadaye. Yeye alikuwa na chai, mimi nilikuwa na hofu. Akafungua mkoba, akatoa karatasi zake, akavaa miwani.

"Mwalimu, keti."

Sikuketi. Nilikwenda moja kwa moja mbele yake nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha Jumatatu.

Akaitazama. Akanitazama. "Umeumia?"

"Hapana, madam. Ni Jumapili asubuhi, upande wa Chogoria. Mwongozaji alisema ni umande, lakini uliganda vizuri. Weupe haujatokea bado."

"Weupe gani?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, Maua, binamu, simu, kamba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyozidi kushuka, kwa sababu uso wake ulikuwa umeanza kusema kitu. Aliweka kikombe chini. Alivua miwani akafuta macho kwa kitambaa, nami sikujua kama analia au anacheka, hadi mabega yalipoanza kutikisika.

"Kwa hivyo nusu ya kwanza ya kipindi," alisema alipopata pumzi, "ulikuwa unanionyesha vidole."

"Ndiyo, madam."

"Nilidhani una ugonjwa wa mishipa. Nimeandika hapa, apewe kiti." Akavaa tena miwani, akarudi kwenye karatasi. "Nusu hiyo nimekukata alama nyingi. Hukufundisha shairi, ulifundisha hali ya hewa. Nusu ya pili, kuanzia yule msichana, ulifundisha. Hapo ulijua kunyamaza, na ulijua kuwarudisha kwenye maneno. Hicho hakifundishiki sana, kwa hivyo nimekupitisha. Nitamwambia mwalimu mkuu kabla sijaondoka."

Nikaketi sasa.

"Asante, madam," nilisema. Nilipaswa kuishia hapo. Lakini jambo la muhula mzima haliachwi hivi hivi. "Na ile ya kuigusa? Si lazima?"

"Hakuna mtu anayeuliza hilo," alisema. "Wala hakuna aliyewahi kuuliza. Wanaopanda mlima ni wanafunzi wa jiografia, wanaokwenda kupima barafu. Mimi nimefundisha mashairi ya theluji tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuigusa hata siku moja."